Unyevu Upandao Kutoka Chini ya Sakafu

Hutokea huko Kisumu, msimu wa mvua za masika, mama akakunjua mkeka akaukuta umeota kuvu upande wa chini, hali paa halikuvuja wala maji hayakumwagika. Wa kwanza kulaumiwa ni yeye, eti hafagii. Hiyo ni dhulma. Katika mitaa ya bondeni karibu na ziwa, kama Dunga na Nyalenda, maji ya ardhini hayako mbali na sakafu, na udongo mweusi wa mfinyanzi hunywa mvua ukakaa nayo muda mrefu. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita hata kiwango cha 1964. Na ziwa lipandapo, maji ya ardhini ufukweni hupanda nalo.

Tofali na saruji zina vitundu vidogo mno, hufyonza maji kama utambi ufyonzavyo mafuta. Ukutani hukauka yakaacha unga mweupe wa chumvi. Hapo baadhi ya wenye nyumba huleta rangi, wakampangisha mwingine. Kuificha aibu ya nyumba unayoitoza kodi ni ghushi, haina jina jingine.

Nasi tusidhani ni kasoro ya sura tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 kwamba unyevu na kuvu za nyumbani huongeza pumu na maradhi ya njia ya hewa. Mtoto alalaye chini ndiye wa kwanza kuyapata.

Kabla ya kumwita fundi, bandika kipande cha nailoni sakafuni, kingo zote zizibwe, kikae siku nzima. Kikilowa upande wa chini, maji yatoka ardhini. Kikilowa juu, ni mvuke wa chumbani, dawa yake ni kufungua madirisha. Ya ardhini yataka mfereji kuizunguka nyumba, na udongo wa nje uchimbwe uwe chini ya sakafu. Wala msikaushe chumba kwa jiko la makaa huku mmefunga milango: hewa yake huua kimya.

Ajengaye leo amwambie fundi atandike nailoni nzito kabla ya kumwaga zege, na ukanda wa lami juu ya msingi kabla ya ukuta kuanza. Gharama yake ni ndogo. Baadaye, sakafu haina budi kuvunjwa.