Gari dogo la kwenda na kurudi mpakani: mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa

Mfanyabiashara anayeishi Moshi na kufungua ofisi yake Holili kila asubuhi husafiri kama kilomita 40 kwenda na nyingine 40 kurudi. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni kilomita 2,080 kwa mwezi. Akiwa na gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita moja atahitaji lita 139. Akiwa na linalokwenda kilomita 10 atahitaji lita 208. Petroli ikiwa shilingi 3,000 za Tanzania kwa lita, tofauti ya lita 69 ni shilingi 207,000 kila mwezi, yaani karibu milioni mbili na nusu kwa mwaka. Kwa mwenye duka la wastani, huo ni mtaji wa safari moja ya mzigo.

Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya wengi kukimbilia Toyota Vitz, Passo, IST au Nissan March zilizotumika Japani. Hawakosei. Hata hivyo, wengi huuliza bei ya yadi tu, na pesa waliyodhani wameokoa huishia forodhani, gereji au mikononi mwa dalali.

Umri wa gari na ushuru

Kwa utaratibu wa Tanzania uliotumika katika miaka ya karibuni, gari dogo lililotumika hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: isiyozidi cc 1000 hailipi, ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000 hulipa asilimia 5, inayozidi hapo asilimia 10. Juu yake huja ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Mwisho ni VAT ya asilimia 18 juu ya jumla ya vyote hivyo.

Chukulia Vitz mbili za cc 1000 zilizopewa thamani ya forodha ya shilingi milioni 6 kila moja. Ya miaka 9 italipa takriban milioni 4.18, na ya miaka 12 takriban milioni 5.5, kabla ya tozo ndogondogo. Kwa hiyo gari la miaka 12 lazima thamani yake iwe chini kwa karibu shilingi 700,000 ndipo yalingane, na hapo mnunuzi bado amebaki na gari lililochoka zaidi. Ikumbukwe pia kwamba TRA hutumia thamani iliyomo katika mfumo wake wa magari yaliyotumika. Ankara ya muuzaji iliyoandikwa bei ya chini haisaidii kitu. Kikokotoo kipo katika tovuti ya mamlaka hiyo na ni vyema kukitumia kabla ya kutuma pesa Japani, kwani viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni.

Upande wa Taveta mambo ni tofauti. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 mstari ulikuwa usajili wa 2018 kuja mbele. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Ndiyo maana gari la mfano uleule huwa la bei kubwa Mombasa kuliko Dar es Salaam. Kwa wanaofanya biashara Rwanda na Burundi kuna jambo jingine: huko magari hupita kulia mwa barabara. Bujumbura utakutana na magari mengi ya usukani wa kulia yaliyotoka Japani, lakini kuyapita malori mlimani ukiwa umekaa upande wa mtaro ni kazi ya hatari.

Gari la bei ya kutupa mpakani

Tunduma, na mipaka mingine pia, mtu huweza kunong'onezwa kwamba ipo "gari ya IT" inayouzwa kwa nusu ya bei. Hilo ni gari lililoshuka bandarini Dar es Salaam likiwa safarini kwenda Zambia, Malawi au Congo, na halijalipiwa ushuru wa Tanzania. Likiuzwa njiani linakuwa la magendo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kulitaifisha, na mnunuzi hubaki na kesi bila gari. Dalali wakati huo simu yake haipatikani.

Kosa lisilo na nia mbaya, lakini linaloumiza vilevile, ni kununua Taveta gari lenye namba za Kenya na kuanza kulitumia Moshi. Ushuru uliolipwa Mombasa hauhesabiki Tanzania. Kwa kibali cha muda linaweza kuingia na kutoka, pamoja na bima ya kadi ya njano ya COMESA ambayo Tanzania nayo inashiriki ingawa ilijitoa katika soko hilo mwaka 2000. Kulifanya la kudumu ni lazima kulipa upya.

Kilomita za kwenye karatasi

Tangazo la Toyota Aqua iliyotoka mwishoni mwa 2011 lilitaja kilomita 35.4 kwa lita. Namba hiyo haikuwa ya uongo, ila ilipatikana ndani ya jengo, gari likiwa juu ya mitambo, AC imezimwa, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24 kwa saa. Hicho ni kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08. Kilichokitangulia, 10-15, kilikuwa laini zaidi, na kile cha WLTC kilichokuja baadaye kinakaribia zaidi uhalisia. Mnunuzi anayelinganisha magari mawili aangalie kwanza kama namba zake zimetoka katika kipimo kimoja.

Haibridi kama Aqua huokoa mafuta sana kwenye foleni, kwa sababu betri hujazwa kila unapokanyaga breki. Anayekaa kwenye foleni ya Mbezi asubuhi na jioni atafaidi. Barabara ya Moshi hadi Holili haina foleni ya kutosha kulipia hatari ya kununua betri iliyozeeka.

Jina la gari nalo halitoshi. Vitz yenye namba ya chasisi inayoanza KSP90 au KSP130 ina injini ya cc 1000 ya silinda tatu. SCP90 na NSP130 ni cc 1300. IST ya kwanza ikiwa NCP60 ni cc 1300, NCP61 ni cc 1500. Wauzaji wengine huzitaja zote kwa jina moja na bei moja. Kwa mtu mmoja na mkoba wake, KSP inatosha. Kwa anayejaza viroba viti vya nyuma na kupandisha milima kila siku, injini ndogo hulazimika kuzunguka kwa nguvu muda wote, na uchumi wake hupotea. Huyo afikirie cc 1300, au Probox ya cc 1500 iliyotengenezwa kwa kubeba. Wasafirishaji wa miraa wa Meru hawakuichagua kwa uzuri wa sura.

Giaboksi ndiyo inayoua magari haya mengi. Vitz nyingi za kuanzia 2005 zina CVT, nayo hutaka mafuta yake maalumu. Fundi akimimina hydraulic ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, gari litaanza kuvuta kwa kusitasita na baadaye kugoma. Wakati wa kulijaribu, liendeshwe hadi lipate moto, lisimamishwe kwenye mwinuko, kisha liondolewe taratibu. Likitetemeka au injini ikilia bila mwendo kuongezeka, mnunuzi atafute jingine.

Kuhusu kilomita zilizorudishwa nyuma, cheti cha Kijapani cha kusafirisha gari nje kwa kawaida huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Kama cheti kinasema 112,000 na dashibodi inasema 68,000, mazungumzo ya bei yaanzie hapo.

Baada ya kununua, ulaji wa mafuta upimwe nyumbani: kujaza tangi hadi juu, kutembea wiki nzima, kujaza tena kituo kilekile, kisha kugawa kilomita kwa lita zilizoingia. Irudiwe mara tatu. Namba hiyo itumike kugawa bei mpya za EWURA, zinazotangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, au za EPRA kwa upande wa Kenya zinazotangazwa kila tarehe 14. Tanki la mwisho la mwezi lijazwe baada ya kujua ni upande upi wa mpaka una nafuu.