Usinunue Vipuri kwa Ahadi

Kijana wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 wilayani Isingiro, Uganda, anayedunduliza fedha zake ili aende Mbarara kununua kompyuta ya kuchezea Grand Theft Auto VI, astahili kuambiwa mapema ya kwamba vipuri havinunuliwi kwa ahadi. Matangazo ya kwanza ya mchezo huo, yaliyotolewa Desemba 2023, yalitaja PlayStation 5 na Xbox Series pekee, wala kompyuta haikutajwa. Na hiyo ndiyo desturi ya Rockstar, kampuni inayoutengeneza, kwani mchezo wa tano wa mfululizo huo, uliotoka Septemba 2013, ulifika kwenye kompyuta Aprili 2015, na mchezo wake mwingine, Red Dead Redemption 2, wa Oktoba 2018, ukangojewa hadi Novemba 2019. Basi anayelipia kadi ghali ya grafiki, ile ichorayo picha za mchezo, kabla masharti ya mchezo kwa kompyuta hayajatangazwa hununua kwa kubahatisha.

Neno la kwanza la kuuliza ni umeme, hasa kwa mwenye kutegemea sola. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haifai kukamuliwa zaidi ya nusu, maana ikizoeshwa kumalizwa huharibika upesi. Na katika hizo 600, inverta nayo hula sehemu yake. Kompyuta inayotumia wati 200 pamoja na skrini itachezeka kadiri ya saa mbili na nusu, ilhali ya wati 400 haitatimiza saa moja na nusu.

Kwa mwenye akali ya fedha, mashine zilizokwisha tumika maofisini, mfano wa Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ni msingi mwema. Lakini achague yenye kasha la mnara, kwani nyembamba hukubali kadi fupi tu. Kisha aombe ubavu ufunguliwe, aisome karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai, ambayo katika mashine hizi aghalabu ni ya wati chache na haina waya wa ziada wa kulishia kadi ya grafiki. Ikiwa hivyo, sharti kadi iwe ya kutosheka na umeme wa tundu lake la mazabodi, usiozidi wati 75. GTX 1650 isiyohitaji waya, yenye gigabaiti 4, ni ya namna hiyo, nayo huuchukua kwa wasaa mchezo wa tano, ambao ulipotoka uliusiwa GTX 660 ya gigabaiti 2 na RAM ya gigabaiti 8. Fauka ya hayo, RAM mbili za gigabaiti 8 ni bora kuliko moja ya 16, kwa kuwa prosesa huchota kutoka zote mbili kwa pamoja. Na diski iwe SSD.

Wala mtu asidhani haya ni upuuzi. Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alijifundisha kutunga michezo kwa kompyuta ambayo mamake aliidundulizia miaka mitatu, na mwaka 2018 akatunukiwa katika The Game Awards.

Kwa hiyo, ewe kijana, nunua leo mashine nzima inayolingana na umeme wako, ujifunzie na kuchezea michezo iliyopo. Na fedha ya kadi kubwa iweke akiba mpaka masharti yatangazwe.