Asiyekubali kushindwa hajifunzi

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, lakini nakiri kuwa maana yake sikuielewa barabara hadi siku nilipolazwa chali juu ya mkeka, nimekabwa koo na kijana wa miaka 20 ambaye ningeweza kumzaa.

Nilikuwa na umri wa miaka 43 nilipoanza kujifunza jujitsu ya Brazili. Huu ni mchezo wa mieleka usio na ngumi wala mateke. Wachezaji hushikana, huangushana na kuendelea kupambana wakiwa chini, kila mmoja akitafuta nafasi ya kumkaba mwenzake au kumpinda kiungo. Anayezidiwa hupiga mkeka kwa kiganja mara mbili au tatu, na papo hapo huachiliwa.

Kwa mwanaisimu, kitendo hicho ni sawa na neno kamili. Hakina irabu wala konsonanti, lakini Mjapani, Mbrazili na Mkenya hukielewa vilevile. Maana yake ni: "Hapa umenishinda, niachilie tuanze upya."

Neno hilo lilinishinda kulitamka. Katika mwezi wa kwanza, kijana yuleyule aliunyoosha mkono wangu wa kulia hadi kiwiko kikaanza kuuma. Nikaona haya. Mimi, msomi mwenye shahada ya uzamifu, nisalimu amri mbele ya watoto? Nikauma meno. Kiwiko kikaalika, na kwa wiki tano nikawa naandika ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Mwalimu wetu hakunipongeza kwa ushupavu. Aliniuliza swali moja tu: "Katika wiki tano hizo, umejifunza nini?"

Swali hilo lina mizizi ya mbali. Jigoro Kano, aliyeasisi judo mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu kwa taaluma, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha kufundishia walimu. Aliichuja jujitsu ya kale ya Japani, akaziondoa mbinu za hatari mno katika mapambano ya mazoezi, ili wanafunzi washindane kwa nguvu zao zote bila kulemazana. Hapo ndipo penye siri. Mwanafunzi akihakikishiwa kwamba kushindwa hakutamwangamiza, atathubutu kujaribu.

Mmoja wa waliofunzwa katika shule ya Kano, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na katika mji wa Belém akamfundisha kijana Carlos Gracie. Carlos na nduguze wakaupeleka ujuzi huo Rio de Janeiro. Mdogo wao, Hélio, alikuwa na umbo dogo. Kwa kuwa hangeweza kutegemea misuli, alitegemea kanuni ya wenzo, subira na kuchagua wakati. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Hélio aliuzunguka ukuta. Mwaka 1993, huko Denver, Marekani, mwanawe Royce aliwashinda wapinzani watatu kwa usiku mmoja. Wote walimzidi uzito, na wote walisalimu amri.

Msomaji anayeijua historia hii ataniuliza: je, Hélio mwenyewe si alikataa kusalimu amri? Ni kweli. Mwaka 1951, katika uwanja wa Maracanã, Mjapani Masahiko Kimura alimpinda mkono hadi ukavunjika, naye hakupiga mkeka. Waliokuwa upande wake ndio waliosimamisha pambano. Ushujaa huo ungali unasifiwa. Mimi huvutiwa zaidi na lililofuata. Wabrazili waliipa mbinu ile jina la Kimura. Aliyewashinda wakamgeuza kuwa somo, na leo kila anayeingia katika mchezo huu hufundishwa Kimura.

Nilipokuwa nikiuguza kiwiko, nilimkumbuka msichana mmoja wa mwaka wa kwanza. Niliuliza swali kuhusu ngeli, naye akajibu visivyo. Alipotambua kosa lake aliinamisha kichwa. Huko ndiko kulikuwa kupiga mkeka kwake, nami nikaendelea kukaba. Nilimfanyia mzaha hadi darasa zima likaangua kicheko. Hakuinua mkono tena hadi muhula ulipokwisha. Baadaye nilimtafuta nikamwomba radhi. Aliniitikia kwa adabu, akaenda zake.

Ni wangapi walio kama yeye katika madarasa yetu? Tunalalamika kwamba wanafunzi hawaulizi maswali, kwamba wanakariri majibu na kuyatapika katika karatasi ya mtihani. Lakini nani aliyewafunza kunyamaza? Na sisi walimu, ni mara ngapi tumethubutu kusema "sijui, nitatafuta jibu" mbele ya darasa?

Sisemi kosa lipakwe rangi liitwe sahihi. Kwenye mkeka hakuna huruma ya aina hiyo: aliyekabwa amekabwa, na anayemshinda haombi msamaha. Lakini humwachilia upesi, humwonyesha alipoteleza, kisha huanza tena. Safari ya kutoka mshipi mweupe, kupitia wa samawati, wa zambarau na wa kahawia, hadi mweusi, kwa kawaida huchukua takriban miaka 10. Mwenye mshipi mweusi ni mtu aliyeshindwa mara nyingi kuliko idadi ya siku ambazo mwenye mweupe amefanya mazoezi.

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikosea, mwonyeshe kosa lake bila kumficha, kisha mwachilie. Nawe mwanafunzi, usione haya kupiga mkeka. Mimi sasa hupiga mara kadhaa kila jioni, na kiwiko changu kizima.