Je, wajua? Madonge yaliyoonekana kuipita nuru

Katika kundinyota la Aquila, ndani ya bapa la galaksi yetu, kuna shimo jeusi lenye uzito wa takriban Jua 12, linalonyonya gesi ya nyota mwenzake. Linaitwa GRS 1915+105. Tarakimu hizo ni anwani yake angani. Eksirei zake ziligunduliwa mwaka 1992 na setilaiti ya Granat, lakini nuru ya kawaida itokayo huko humezwa na vumbi la galaksi kabla haijatufikia.

Mawimbi ya redio hayajali vumbi hilo. Yana urefu wa sentimita kadhaa, punje za vumbi ni ndogo mno kuyazuia. Ndiyo maana mwaka 1994 wanaastronomia Félix Mirabel na Luis Rodríguez walilifuatilia shimo hilo kwa VLA, darubini ya redio yenye antena 27 huko New Mexico, Marekani. Waliona madonge mawili ya gesi yakirushwa pande mbili zinazopingana. Kwa umbali uliokadiriwa wakati ule, miaka ya nuru 40,000, moja lilionekana kwenda mara 1.25 ya kasi ya nuru! Ndani ya galaksi yetu jambo hilo lilikuwa halijawahi kuonekana.

Einstein, aliyesema hakuna kinachoipita nuru, hakukosea. Tuseme donge linakwenda kwa asilimia 92 ya kasi ya nuru, likituelekea kwa mshazari wa nyuzi 70. Katika siku 100 linasogea kando umbali ambao huichukua nuru siku 86, na papo hapo linatukaribia kwa siku 31 za nuru. Hivyo mawimbi ya mwisho yana safari fupi kuliko ya kwanza, nasi tunayapokea baada ya siku 69 tu. Mwendo wa siku 86 ndani ya siku 69: hesabu ndiyo hiyo.

Mwaka 2014 antena za VLBA, zilizotapakaa kutoka Hawaii hadi Visiwa vya Virgin, zilipima umbali upya: takriban miaka ya nuru 28,000. Kasi iliyokadiriwa ikashuka. Kinachonivutia zaidi ni kile ambacho hakikutetereka. Donge linalotujia lilisogea angani karibu mara mbili ya lile linalotukimbia, na ikiwa yalirushwa kwa kasi sawa, uwiano huo peke yake unatosha kuonyesha kwamba kila moja lilikwenda kwa si chini ya asilimia 32 ya kasi ya nuru, shimo liwe karibu au mbali.