Roboti Ndani ya Sumaku

Fuvu la mgonjwa likishafunguliwa, ubongo hautulii mahali pake. Maji yauzungukayo hupungua, nao huteremka kidogo, hata picha iliyopigwa jana isiweze tena kumwonyesha daktari mpasuaji uvimbe ulipo hasa. Yafaa basi picha nyingine ipigwe katikati ya upasuaji, kwa mashine ya MRI itumiayo sumaku. Lakini tundu la mashine hiyo ni jembamba, na mikono ya daktari haienei humo. Ndipo likazuka wazo la kutumia roboti.

Kikwazo kilikuwa sumaku yenyewe. Katika hospitali nyingi nguvu yake ni tesla 1.5, yapata mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia; mkasi wa chuma uliosahauliwa karibu nayo huruka kama mshale. Roboti ya kawaida ina chuma tele, na mota zake huzungushwa na sumaku. Ikisogezwa hapo huvutwa, na umeme wake huvuruga mawimbi dhaifu ya redio yatokayo mwilini, ambayo ndiyo yanayofanya picha.

Katika Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, Dakta Garnette Sutherland na wenzake waliunda neuroArm, roboti ya titani na plastiki ngumu. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Hapa jambo hilo limegeuzwa: kauri hupitishiwa umeme, ikatanuka na kusinyaa maelfu ya mara kwa sekunde, na mitikisiko hiyo midogo husukuma gurudumu. Umeme ukikatika, gurudumu hubaki limebanwa palepale. Si jambo dogo iwapo kifaa kimo ubongoni. Daktari huketi chumba kingine, akishika vipini vinavyomrudishia mkononi ugumu au ulaini wa kile kinachoguswa, huku mtetemo wa vidole vyake ukichujwa. Mwezi Mei 2008 roboti hiyo ilitumika kuondoa uvimbe katika ubongo wa mwanamke kijana.

Hata hivyo, mota za kauri zahitaji nyaya za umeme. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kundi la Dan Stoianovici lilitangaza mwaka 2007 mota ya plastiki, kauri na mpira, isiyo na umeme kabisa. Huendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na mwendo wake hupimwa kwa mwanga upitao katika nyuzi. Kwa kuwa hewa hubonyea na ni vigumu kuitawala, mota hii husogea hatua kwa hatua, kila mpwito wa hewa hatua moja. Imekusudiwa kuongoza sindano hadi kwenye tezi dume, mgonjwa akiwa bado ndani ya tundu.