Namba Mgongoni mwa Kioo

Kipakatalishi kikifa, mara nyingi kioo chake huwa bado kizima. Bodi imeungua, au chai imemwagika kwenye kibodi. Kioo hakina habari. Kisiwani Mombasa, ambako mitumba ya kielektroniki hupenya hadi vichochoro vya Mji wa Kale, vioo hivyo huishia kuegemezwa ukutani kwa fundi, nyuma ya vipuri vya simu.

Geuza kimoja utazame mgongoni. Kibandiko cha LG kinasema LP156WH4. Cha AU Optronics, B156XW02. Cha Samsung, LTN156AT02. Makampuni matatu, lakini 156 ipo kote: ni inchi 15.6, pembe hadi pembe. Vyote vitatu vina nukta 1366 kwa 768 na soketi ya pini 40. Basi bodi moja ndogo ya ukubwa wa kiganja, yenye tundu la HDMI upande huu na waya za LVDS za kukipelekea kioo picha upande wa pili, yaweza kukiwasha chochote kati ya hivyo na kukifanya monita, mradi itiwe programu inayokifaa.

Ndiyo maana fundi husoma kabla ya kushika bisibisi. Kijana akimletea kioo kilichobanduliwa kibandiko, humwambia: mwanangu, hapa tutakuwa tunabahatisha, na volti haibahatishwi. Kioo cha kipakatalishi hutaka 3.3. Cha monita, aghalabu 5. Cha runinga, 12. Kinachochagua volti ni kidaraja cha plastiki kwenye bodi ndogo, mfano wa punje ya mchele. Kikikaa penye 12, kioo cha 3.3 huungua pale pale, na hakuna dawa.

Kisha taa. Vioo vya zamani humulikwa na mrija mwembamba wenye zebaki, unaokula mamia ya volti, kwa hivyo mkono haupelekwi huko umeme ukiwamo. La mwisho ni la pwani: chumvi. Upepo wa bahari huotesha ukoko wa kijani kwenye pini, na kioo kizima kikadhaniwa kibovu. Fundi huusugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu, pini baada ya pini, kwa subira ya mtu anayejua kilichomo humo bado kina kazi.

Kisichookolewa hivi huishia kuwa taka. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Mwaka huo huo Kenya ilipata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayomtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata ikichakaa.

Lakini monita ya fundi kama huyu mzalishaji wake nani? Kioo ni cha Samsung, bodi ndogo imetoka China, fremu ni ya mbao iliyorandwa mtaani Kibokoni. Na ule mrija wa zebaki, fundi akiung'oa atie taa za LED, aupeleke wapi? Kwa sasa huuviringisha kwa gazeti na kuupandisha juu ya kabati, watoto wasiufikie.