Nauli, Ijara na Demareji: Baadhi ya Istilahi na Vifupisho vya Ukodishaji wa Meli

Utangulizi

Aghalabu husemwa kwamba Kiswahili ni tajiri wa msamiati wa bahari. Kauli hii ni ya kweli, wala haihitaji kutetewa mbele ya mtu aliyewahi kuwasikia mabaharia wa Lamu wakizungumza juu ya tezi na omo, joshi na demani, farumi na shehena. Lakini utajiri huo ni wa chombo chenyewe na uendeshaji wake. Tukitoka sitahani na kuingia katika ofisi ya wakala wa meli, tunakutana na lugha nyingine, lugha ya mikataba, iliyojaa herufi kama FOB, CIF, NOR na SHEX. Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya istilahi na vifupisho hivyo, na kutetea hoja moja: kwamba istilahi ya mkataba haifasiriwi kwa kutafuta neno linalofanana nayo, bali kwa kuuliza kwanza ni nani, kwa mujibu wa istilahi hiyo, anayebeba gharama na hasara ya muda.

Aina tatu za ukodishaji

Jina la hati ya ukodishaji katika lugha za Ulaya limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "hati iliyogawanywa". Zamani mkataba uliandikwa mara mbili katika ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa, na kila upande ukachukua nusu yake.

Aina ya kwanza ni ukodishaji wa safari. Mwenye meli huahidi kuchukua shehena fulani kutoka bandari moja hadi nyingine. Kwa kawaida yeye ndiye anayewalipa mabaharia, anayenunua mafuta na kutoa ada za bandari. Malipo yake hukadiriwa kwa tani au kwa jumla moja. Kielelezo kinachotumika sana ni GENCON, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1922 na chama cha BIMCO.

Aina ya pili ni ukodishaji wa muda. Hapa meli hukodiwa pamoja na nahodha na mabaharia wake, kwa miezi au miaka. Mkodi ndiye anayeamua meli iende wapi na ichukue nini. Naye hununua mafuta, hutoa ada za bandari, na hulipa kiasi fulani kwa kila siku. Kielelezo mashuhuri ni NYPE, cha mwaka 1913, ambacho kimekuwa kikirekebishwa mara kwa mara.

Aina ya tatu ni ukodishaji wa chombo kitupu, ambapo mkodi huleta nahodha na mabaharia wake mwenyewe, akawa kama mwenye chombo kwa muda wote wa mkataba.

Nauli na ijara

Katika darasa la tafsiri niliwahi kuwapa wanafunzi vifungu viwili, kimoja cha ukodishaji wa safari na kingine cha muda. Karibu wote walitumia neno moja, nauli, kwa malipo ya aina zote mbili. Siwalaumu. Nauli ni neno kongwe, lililotufikia kutoka Kiarabu, nalo katika Kiarabu lilitoka Kigiriki. Na katika matumizi ya kila siku hujumuisha malipo ya abiria na ya mzigo pia.

Lakini katika mkataba tofauti hiyo ni kubwa. Malipo ya safari ni bei ya kuchukua shehena na kuifikisha. Mitambo ikiharibika njiani kwa siku tano, malipo hayaongezeki, na kwa kawaida hasara ya siku hizo ni ya mwenye meli. Malipo ya muda ni bei ya kuitumia meli. Siku hupita na fedha hudaiwa, hata meli ikizuiwa na mawimbi. Ndiyo maana mikataba hii huwa na kifungu cha kusimamisha malipo pindi mitambo inapoharibika. Mfasiri akitumia nauli mahali pote, msomaji hawezi kujua kifungu hicho kinasimamisha malipo gani. Napendekeza basi kwamba nauli ibaki kwa malipo ya kuchukua shehena, na ijara, neno tulilo nalo tayari kwa maana ya malipo ya kazi au ya kukodi, litumike kwa malipo ya muda.

Muda wa kupakia na kupakua

Katika ukodishaji wa safari, mkodi hupewa muda maalumu wa kupakia na kupakua bila ya malipo ya ziada. Kabla ya muda huo kuanza kuhesabiwa, nahodha au wakala wake hutoa NOR, yaani taarifa kwamba meli imefika na iko tayari. Kifupisho WIBON humaanisha kwamba taarifa yaweza kutolewa meli ikiwa imepata gati au haijapata. Herufi hizo chache zaweza kumhamishia mkodi hasara yote ya kungoja nje ya Kilindini.

WWD ni siku ya kazi ambayo hali ya hewa inaruhusu. SHEX huondoa Jumapili na sikukuu katika hesabu; SHINC huzijumuisha. Katika bandari za Ghuba huonekana FHEX, ambayo huiondoa Ijumaa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Meli imeleta tani 30,000 za ngano, na mkataba wataka zipakuliwe tani 3,000 kwa siku. Muda ulioruhusiwa ni siku 10. Kazi ikichukua siku 13, mkodi atalipa demareji ya siku 3. Kama kiwango ni dola 15,000 kwa siku, basi ni dola 45,000. Akimaliza mapema, aghalabu yeye ndiye hulipwa, mara nyingi kwa nusu ya kiwango hicho.

Demareji si faini wala si nauli ya ziada. Ni fidia iliyokubaliwa tangu mwanzo kwa ajili ya ukawio. Tena, muda ulioruhusiwa ukishakwisha, Jumapili na sikukuu huhesabiwa kama siku nyingine, isipokuwa mkataba uwe umesema wazi vinginevyo. Kuiita faini ni kumtia mkodi katika kosa ambalo hakulitenda.

Vifupisho vya mauzo na vya gharama

FOB na CIF ni masharti ya mauzo, si ya ukodishaji, na yamo katika kanuni za Incoterms zilizotolewa kwanza mwaka 1936. Katika FOB muuzaji huifikisha mali melini. Mnunuzi hutafuta meli. Katika CIF muuzaji hulipa pia bima na nauli. Hapa pana mtego: "CIF Mombasa" haina maana kwamba muuzaji anabeba hatari hadi Mombasa. Hatari humhamia mnunuzi mara mali inapopakiwa katika bandari ya mbali. Ni gharama tu zinazofika hadi Mombasa.

FIO huonyesha kwamba mwenye meli hawalipi makuli wa kupakia wala wa kupakua. FIOST huongeza gharama za kupanga na kusawazisha shehena.

Neno tani nalo lahitaji hadhari. DWT ni uzito ambao meli yaweza kubeba, pamoja na mafuta, maji na vyakula. GT ni kipimo cha ujazo wa meli kilichowekwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, wala si uzito.

Hitimisho

Vifupisho hivi, kwa maoni yangu, viachwe kama vilivyo, kama tunavyoziacha alama za kemia, kwa sababu ndivyo vinavyosomwa katika kila bandari. Kazi yetu ni kuviandikia fasili za Kiswahili zilizo wazi, na kuyatenga maneno yetu wenyewe, nauli, ijara na demareji, ili kila moja libebe wajibu wake. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya. Mfanyabiashara aliyeletewa dai la demareji ana haki ya kuelewa, kwa lugha hiyo, anadaiwa nini na kwa nini.